Siku Tatu za Mama Kerubo Hyderabad

Nianze na saa ya kurudi, maana ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Niliacha kazi Alhamisi, saa kumi na moja jioni, katika ile ofisi ndogo ya safari pale Deira, Dubai, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabegi. Sasa niko kwetu Tanga nimekaa, na nyie wasichana mnaokalia kiti changu mmeniomba niandike nilivyokuwa napanga safari za siku mbili tatu. Nitaandika. Ila sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini. Hayo mnaulizana kila siku mpaka chai inapoa.

Shule nilisoma mpaka darasa la nne. Naandika kama ninavyosema. Anayetaka maneno ya kupendeza akasome matangazo ya ndege.

Ofisini niliingia kama mtu wa chai na sakafu. Kabla ya hapo nilifanya kazi za nyumbani miaka kumi na moja, nyumba tatu, watoto tisa niliowalea ambao sasa wakinipita barabarani hawanijui. Madam wangu wa mwisho alihama nchi, akanipeleka kwa Sir Mathai, mtu wa Kerala mwenye hii ofisi. Siku ya kwanza Sir Mathai alinionyesha birika akasema, "Chai." Akanionyesha fagio akasema, "Sakafu." Mafunzo yangu ya kazi yakaishia hapo. Ninyi mlipewa wiki mbili na kompyuta, na bado mnasahau kuwauliza watu kama wana pasipoti.

Kihindi nilikijua cha jikoni, Kiarabu cha kuamrishwa, Kiswahili ni changu. Nikawa napita na sinia la karaki, ile chai nzito ya maziwa, nikisikiliza. Na nilichosikia kilinikera. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa kwetu: walinzi, madereva, wasafisha vyumba, wafanyabiashara wa Mombasa, familia za Kizanzibari za siku nyingi. Wakifika kaunta wakasemeshwa Kiingereza cha haraka, basi kwa adabu wanajibu ndiyo kwa kila kitu. Ndiyo, ndiyo, yes sir. Mtu anatoka pale amekubali kupelekwa mahali asipopataka, kwa siku asizokuwa nazo. Siku moja nilishindwa kunyamaza. Niliweka sinia juu ya karatasi za mlinzi mmoja wa Meru nikamwuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, likizo yako ni siku ngapi?" Akasema tatu. Alikuwa ameshakubali safari ya siku tano.

Aliyeniona siku hiyo ni Madam Zubeda. Yeye ndiye alikuwa mkata tiketi, mwenyeji wa Hyderabad kule India, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, na hasira kama yangu. Hakunisifu. Alivuta kiti akaniambia, "Kaa. Chai watajichemshia." Hawakujichemshia, bila shaka. Nilijifunza kazi na chai nikachemsha.

Zubeda alinipa saa ya mkononi, ile yake ya zamani. Nikawa navaa mbili. Mkono wa kulia Dubai, mkono wa kushoto India. Watu walinicheka mpaka wakachoka. India iko mbele kwa saa moja na nusu, na ile nusu ndiyo inayowaharibia watu. Saa moja kila mtu anaikumbuka. Nusu inasahauliwa, na ndege haisahau.

Alinifunza pia kuuliza, "Mara ya mwisho kwenda kwenu ni lini?" Nililiona swali la umbea. Kisha akaja dereva mmoja wa Mombasa, ametoka likizo nyumbani siku nne tu nyuma, akaunganisha na India kutembea. Hakuulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu alikuwa anatokea Dubai. Kule wakaona mhuri wa Kenya kwenye pasipoti, wakamweka kando chini ya uangalizi. India yake yote ilikuwa dirisha moja na mti mmoja. Aliporudi alinieleza ule mti jani kwa jani. Tangu hapo nauliza, na mtu akinuna anune.

Lakini kubwa nililopata kwa Zubeda ni kupanga kinyumenyume. Hakuandika siku ya kwanza juu ya karatasi. Aliandika chini kabisa: saa ambayo mtu huyu atasimama kazini akiwa amevaa sare. Halafu akapanda juu. Kabla ya sare, basi la wafanyakazi. Kabla ya basi, usingizi, angalau saa sita. Kabla ya usingizi, uwanja wa ndege. Akapanda hivyo mpaka asubuhi ya kuondoka, na kilichobaki katikati ndicho starehe. "Hawa si matajiri, Mwanaidi," aliniambia. "Tajiri akichelewa anasubiriwa. Hawa wakichelewa wanafutwa."

Mimi nikaongeza swali langu moja, ambalo Zubeda mwenyewe alilichukua baadaye: katika kundi hili, nani hawezi? Kila kundi lina mmoja. Ana mimba, au ana sukari, au haoni vizuri, au anaogopa lifti. Hasemi. Anatabasamu nyuma ya wenzake. Mtafuteni huyo kwanza, mpangeni yeye, wengine watajipanga.

Zubeda alistaafu akarudi kwao Hyderabad. Kiti chake nikakaa mimi. Sir Mathai hakufurahi wala hakukataa. Alisema, "Tutaona." Kundi la kwanza nililopewa peke yangu ndilo nataka kuwaeleza, na mkisahau mengine yote niliyoandika, hili mlishike.

Walikuja saa kumi na moja jioni wanawake saba, bado na sare, wanatokea kazini. Walikuwa wasafisha vyumba wa hoteli moja kubwa, wanalala nyumba za wafanyakazi kule Dubai Investments Park, katikati ya viwanda na maghala. Msemaji wao alikuwa binti mmoja anaitwa Wanjiru, mtu wa Nyeri, mdomo haufungi.

"Shosho," akaniambia, hilo ndilo neno lao la bibi, "tunataka kuenda kutembea."

"Wapi?"

"Hyderabad. Siku tatu. Sisi wote saba."

"Mnakwenda kufanya nini?"

"Kuwa wageni!" Wenzake wakacheka. "Si unajua kazi yetu? Kila siku ni karibu sir, karibu madam. Mtu anaingia, anatupa taulo chini, anaenda kuona mji. Sasa na sisi tunataka kukaribishwa. Mtu atutandikie. Siku tatu tu."

Ghorofa moja ya hoteli yao ilikuwa inafungwa kwa matengenezo, ndiyo maana saba hao wakapewa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi pamoja. Haikuwahi kutokea, na wao wenyewe walijua haitatokea tena. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi wote zamu. Nikaandika hilo chini ya karatasi.

"Kwa nini Hyderabad?" nikauliza.

Wote wakageuka nyuma. Nyuma kabisa, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpana wa mabega, ameweka mikono juu ya magoti kana kwamba anayazuia yasiondoke.

"Ni Mama Kerubo," akasema Wanjiru. "Yeye ndiye ametujaza hiyo Hyderabad kichwani."

Mama Kerubo alikuwa wa Kisii. Miaka kumi na nne alikuwa akisugua mabafu ya hoteli ile, na mwezi uliofuata mkataba wake ulikuwa unakwisha, anarudi nyumbani moja kwa moja. Zamani, mgeni mmoja bibi wa Hyderabad alikaa hotelini kwao mwezi mzima, na kila asubuhi Mama Kerubo akisafisha chumba, yule bibi alimweleza mji wao. Akamwonyesha picha ya ngome ya Golconda, ngome ya wafalme juu ya kilima cha mawe. Akamwambia, siku moja uje. Bibi akaondoka. Mama Kerubo akabaki na ile ngome, akiwasimulia wenzake kwenye basi kila siku, mpaka wakaijua kuliko kwao.

"Basi mtaiona," nikasema.

"Wao wataiona," Mama Kerubo akajibu taratibu. "Mimi, Bi Mwanaidi, nitabaki kwa gari. Niwaangalilie mabegi."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema magoti. Nikasema nyanyuka. Siamini mtu anayesema siwezi, na siamini zaidi anayesema nitaweza. Nikamtoa mpaka kwenye ngazi za jengo letu nikamwambia panda. Alipanda kumi na mbili. Ya kumi na tatu alishika ukuta akakaa, uso umelowa jasho. Ngome ya Golconda ina ngazi zaidi ya mia tatu.

Nikamwacha apumue. Wanjiru alikuwa amesimama chini ya ngazi.

"Shosho, tuache tu hiyo ngome," akanong'ona. "Twende madukani."

"Hapana," akasema Mama Kerubo kutoka juu. Masikio yalikuwa mazima. "Mkiacha kupanda kwa sababu yangu, siendi kabisa. Mtapanda mniambie vile iko."

Nikawaambia wote rudini Jumanne. Nikamwambia na yeye peke yake: "Katika safari zangu hakuna mtu anayebaki kwenye gari." Nilisema kwa ukali, kwa sababu sikujua bado nitafanya nini.

Sir Mathai alikuwa ameshachapa ratiba yake kwenye kompyuta, nzuri, ina picha. Nikaisoma kwa kidole. Alhamisi kufika na kupumzika. Ijumaa asubuhi jumba la makumbusho, Ijumaa mchana Charminar, ule mnara wa milango minne ulio katikati ya mji wa kale. Jumamosi asubuhi ngome, mchana ndege.

Wasichana, hapo ndipo penye mtego, na kila anayepanga kutoka Dubai huuingia. Sisi Dubai siku zile mapumziko yetu yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, basi kila mtu aliiweka Ijumaa ndiyo siku kubwa. Lakini kule Ijumaa ni siku ya kazi, na ndiyo siku majumba kadhaa ya makumbusho yanafungwa. Na Charminar imepakana na msikiti mkubwa. Ijumaa mchana pale watu wamejaa barabarani kwa swala, gari halipiti. Sir Mathai alikuwa amewapangia wanawake saba mlango uliofungwa asubuhi na barabara iliyofungwa mchana. Na ngome siku ya ndege, kwa haraka, juani.

Nikamweleza. Akakuna kichwa. "Sawa, badilisha. Lakini yule mama mzee abaki hotelini. Apumzike. Ni vizuri kwake."

"Sir," nikamwambia, "huyu mama amekaa hotelini miaka kumi na nne."

Akanitazama. Halafu akacheka, kicheko ambacho hakukitaka. "Mwanaidi, hili kundi lako. Likiharibika utarudi kwenye birika."

"Birika sijawahi kuliacha, Sir. Hiyo chai unayokunywa nani kachemsha?"

Nikaenda stoo nikampigia simu Zubeda. Nikamwuliza swali langu. Sikumwuliza wanaopanda Golconda wanaona nini, hilo liko kwenye kila kitabu. Nilimwuliza wasiopanda wanafanya nini.

Zubeda akacheka mpaka akakohoa. "Mwanaidi, wasiopanda ndio wenye kazi! Wasiopanda wanapiga makofi."

Akanieleza. Pale chini, kwenye lango la kilima, kuna kuba. Ukisimama chini ya kuba lile ukapiga makofi, sauti inasafiri mpaka juu kabisa ya ngome, karibu kilomita nzima, na aliye juu anaisikia. Walijenga hivyo makusudi, askari wa langoni wampe mfalme habari: nani amefika, rafiki au adui. Mfalme juu hana habari mpaka mtu wa chini apige makofi.

Nikakaa juu ya katoni la sabuni. Nikamwambia Zubeda, rudia. Akarudia.

"Lakini kuna tatizo," akasema. "Kila mgeni anayefika pale anapiga makofi. Asubuhi nzima ni makofi tu. Walio juu hawatajua ni ya nani."

Hilo halikunisumbua hata kidogo. Zubeda ni mtu wa Hyderabad, hakusoma shule zetu. Mimi hata darasa la nne langu lilinitosha kujua makofi ya kilo. Matatu, matatu, halafu moja kubwa la kufungia. Mtoto gani wa kwetu hakupigiwa makofi ya kilo alipopata jibu? Kisii wanapiga, Nyeri wanapiga, Tanga tunapiga. India nzima hakuna anayepiga.

Basi nikapanga. Kutoka chini kwenda juu, kama kawaida. Jumapili sare saa kumi na mbili. Jumamosi alasiri ndege ya kurudi, ili watu walale. Jumamosi asubuhi Charminar na soko la bangili, siku ambayo barabara inapitika. Na ngome Ijumaa asubuhi, mara lango linapofunguliwa, kabla ya jua kali na kabla ya umati, ili makofi yawe machache. Zubeda atakaa langoni na Mama Kerubo. Nikaandika viatu vya kamba, kofia, maji chupa mbili kila mmoja. Nikaandika kiti kimoja cha kukunja, nikakipigia mstari.

Jumanne walipokuja niliwasomea. Nilipofika kwenye makofi, Mama Kerubo aliniomba nisome tena pale.

"Kwa hiyo wao watapanda," akasema polepole, "na mimi ndiye nitawapa ruhusa?"

"Wasiposikia makofi yako, hawashuki."

"Ngai! Mama Kerubo ametuweza," Wanjiru akapiga ukelele. "Atatuacha huko juu tukauke!"

"Nitawaacha mpaka mkome kelele," akasema Mama Kerubo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka.

Wakaondoka Alhamisi asubuhi. Ijumaa ofisi ilikuwa imefungwa, lakini nilikuwa na ufunguo. Nikaja nikachemsha karaki ya mtu mmoja nikakaa na simu. Nami niseme hapa, ili mjue: miaka yote ile nilikuwa nawapeleka watu India, mimi mwenyewe sikuwahi kukanyaga. Nilikuwa naijua kwa simu.

Mkono wa kulia ulisema saa mbili kasorobo, wa kushoto saa tatu na robo, simu ikalia. Ilikuwa hoteli ya Hyderabad. Mtu wa mapokezi, sauti ya wasiwasi, ananiita Amma, yaani mama.

"Amma, wageni wako hawakulala hapa."

"Wamelala. Umewapa funguo mwenyewe."

"Vyumba havikutumika, Amma. Vitanda vimetandikwa. Mabafu makavu. Wasafishaji wangu wameingia hawakuona hata unywele. Tuwaite polisi?"

Nilielewa palepale. Nikamwambia asimwite mtu yeyote, anipe dakika tano. Nikampigia Wanjiru, wakiwa ndiyo wanashuka kwenye gari pale ngomeni.

"Wanjiru! Mmetandika vitanda?"

Nikasikia mwenzake akicheka kichinichini.

"Nakuuliza, mtoto wewe."

"Shosho, si tumezoea. Tumeamka saa kumi na moja bila kengele, tukajikuta tu tumetandika."

"Na mabafu?"

"Hiyo ni Mama Kerubo. Ameingia chumba kwa chumba. Amesema kona za sinki hazikufanywa vizuri."

"Mpe simu."

Mama Kerubo alikuja kwenye simu kama mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu. Nikamwambia, mama, umevuka bahari kwenda kusugua bafu la watu? Akasema, "Bi Mwanaidi, niliona uchafu." Nikasema, hilo bafu lina mwenyewe, naye analipwa, na umewatisha wenye hoteli, wanadhani mmetekwa. Kesho asubuhi kitanda chako kibaki kama ulivyoamka. Akasema atajaribu. Nikasema sitaki ajaribu. Nikakata simu, nikawapigia hoteli kuwatuliza, kisha nikacheka peke yangu ofisini mpaka chai ikamwagika juu ya hati za watu.

Kisha nikangoja. Sina subira, mnajua. Nilifuta meza tatu. Nilipanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa. Nikawaza: na kama sauti haifiki? Zubeda aliisikia utotoni, huenda ukuta umebomoka. Na kama upepo ni mkali? Nimemwahidi mtu jambo moja katika miaka yake kumi na nne, na jambo lenyewe ni sauti ya viganja vyake.

Mkono wa kulia saa tatu kamili, simu ikalia. Wanjiru, anahema.

"Shosho, tumefika juu! Yaani, mji wote uko chini! Upepo huku utatubeba!"

"Nyamazeni."

"Kuna watu wengi, kuna makofi, lakini siyo yake, ni ya ovyo ovyo tu—"

"Wanjiru, nyamaza. Wote. Nyamazeni msikilize."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza wale sita walinyamaza pamoja tangu wafike Dubai. Nilisikia upepo. Nilisikia mtu akipita na Kihindi chake. Makofi ya mbali, mawili, ya mtalii, yakaisha. Upepo tena.

Halafu yakaja. Madogo, makavu, kama mtu anavunja vijiti ndani ya chupa. Matatu. Matatu. Moja kubwa.

Siwezi kuapa kama niliyasikia mimi kwa simu, au niliwasikia wale sita, kwa sababu hapohapo walilipuka. Walipiga kelele wote, simu ikaanguka, ikaokotwa. "Ni yeye! Shosho, ni yeye! Ni kilo!" Na mmoja nyuma alikuwa analia waziwazi akisema jina lake, Kerubo, Kerubo. Wakapanga mstari ukingoni wakamjibu, wote sita. Matatu, matatu, moja. Na mimi, mwanamke wa miaka sitini na mbili, nimesimama katika ofisi tupu Deira na saa mbili mikononi, nikapiga na mimi.

Ya chini alinieleza Zubeda baadaye. Mama Kerubo alikaa kwenye kile kiti cha kukunja chini ya kuba, wageni wakija wakipiga makofi wakipita. Wakati wake ulipofika alisimama, hakushika mtu, akajinyoosha kama askari. Alipiga kwa viganja vya mtu aliyekamua matambara miaka kumi na nne. Zubeda anasema masikio yake yaliuma. Jibu liliporudi kutoka juu, jembamba lakini lenyewe, Mama Kerubo aligeuka. Alimtazama mlinzi wa lango akainamisha kichwa kidogo, kana kwamba anamwambia hawa ni wangu, waache wapite. Mlinzi akamwomba amfundishe. Wale walipomaliza kushuka walikuta walinzi wawili na familia ya watu tisa ya India wakipiga makofi ya kilo, na Mama Kerubo anawasahihisha.

Hakupanda hata ngazi moja, na wote walioshuka walimwendea yeye kwanza.

Jumamosi asubuhi, kabla hawajaenda kwenye bangili, alinipigia mwenyewe.

"Bi Mwanaidi. Nimekiacha."

"Kitanda?"

"Kitanda. Shuka iko chini. Mto uko chini."

"Na taulo?"

Akavuta pumzi. "Taulo nimeitupa kwa sakafu ya bafu."

"Vizuri."

"Naskia vibaya."

"Sikia vibaya. Kisha toka, funga mlango, usigeuke."

"Nimewekea yule msichana bakshishi juu ya meza, na nimemwandikia asante."

Hilo sikumkataza. Nikasikia mlango unafungwa, na ndani ya simu kicheko cha mtu mzima aliyefanya utundu.

Jumapili, saa kumi na mbili na dakika mbili, Wanjiru alituma ujumbe: wote saba zamu. Nikachukua ile karatasi, nikaweka alama kwenye mstari wa chini kabisa, ule niliouandika kwanza.

Sir Mathai alipoingia alisema, "Vipi kundi?" Nikasema salama. Akasema, "Good," akaomba chai. Wiki ileile walikuja walinzi wanne kutoka mtaa wa International City wakaniuliza kama hapa ndipo panapouzwa safari ya makofi. Nikawaambia ndipo. Niliipanga ile safari mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa wenye magoti, kwa wajawazito, kwa mzee mmoja wa Unguja asiyeona ambaye alisema aliiona Golconda kuliko wenye macho. Zubeda alikaa chini ya lile kuba mpaka walinzi wakamwekea kiti chake mwenyewe. Mama Kerubo yuko Kisii. Amenitumia picha amevaa bangili zote kwa pamoja, mpaka kwenye kiwiko, anakama ng'ombe.

Kwa hiyo andikeni saa ya kurudi kwanza. Kumbukeni ile nusu. Ulizeni nani hawezi, na mkishampata msimtafutie mahali pa kukaa. Mtafutieni kazi ya kufanya.

Najua mnajiuliza kuhusu kikombe. Nimesikia mlinisema. Siku yangu ya mwisho, baada ya keki na picha, mlikuta kikombe changu mezani, karaki imebaki nusu, kijiko ndani, tone limeganda juu ya meza. Mkadhani bibi amezeeka, amesahau. Miaka yote ile hamkuwahi kukuta kikombe changu hakijaoshwa, wala cha mtu mwingine.

Sikusahau. Nilisimama mlangoni nikakitazama, mkono ukitaka kurudi. Kisha nikatoka, nikafunga mlango, na sikugeuka.